Upepo wa tairi kwenye gari ya kispoti: namna ya kutafuta namba yako mwenyewe

Maswali ni yaleyale kila siku. "Nijaze ngapi?" "Mwenzangu anaweka 40 kote, na mimi niweke?" "Nikipunguza upepo si ndio gari inashika zaidi?" Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja, mtu akiuliza tena namtupia hii asome mwenyewe.

Jibu la haraka ni kwamba namba ya kuazima haipo. Mwenzako mwenye 40 ana gari nyingine, tairi nyingine, uzito mwingine na mguu mwingine. Ila njia ya kuipata yako ipo, na haitaki uwe fundi, inataka geji ya kupimia upepo, daftari na kutokuwa na papara.

Nadharia ntakupa kidogo tu afu tuendelee. Kinachobeba gari ni upepo, mpira kazi yake ni kuufungia ndani na kung'ang'ania lami. Upepo ukiwa kidogo tairi inalalia mabega, katikati inabonyea, ubavu unakunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka na joto linapanda vibaya. Ukiwa mwingi tairi inatuna katikati, inakanyaga lami kwa kipande chembamba na gari inadunda kwenye kila kibonde. Kati ya hizo mbili kuna mahali ambapo uso wote wa tairi unalala vizuri hata ukiwa kwenye kona, na ndiko tunakokwenda. Basi, nadharia imeisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Cha kwanza ni geji yako mwenyewe, sio ya kituo cha mafuta. Siku moja nilipima tairi moja kwa geji tatu ndani ya dakika tano, ya kwanza ikasema 31, ya pili 33, ile ya kwenye bomba la kujazia ikasema 35. Tairi ileile, haijasogea hata hatua! Toka siku hiyo natumia geji moja tu, inayosoma mpaka nusu psi (psi ndio kipimo cha upepo, namba zote hizo ni psi) na yenye kitufe cha kutolea upepo, naiweka kwenye soksi nzito ndani ya buti ili isigongwegongwe. Kama unaweza ilinganishe na geji ya mtu unayemwamini, ukikuta inadanganya kwa psi 1 sio mbaya, andika juu yake "inazidisha 1" maisha yaendelee.

Cha pili pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye soketi ya gari. Kutoa upepo ni rahisi popote ulipo, kuurudisha ndio shughuli.

Cha tatu chaki, ile ya kuandikia ubaoni. Cha nne daftari na kalamu, na usiniambie utakumbuka kichwani, hutakumbuka. Kipima joto cha tairi cha sindano ni kizuri sana lakini sio lazima kwa anayeanza. Kile cha kupiga mwanga kwa mbali kinasoma ngozi ya juu tu ya mpira, na ngozi inapoa ndani ya sekunde chache, kwa hiyo kitakuchanganya kuliko kukusaidia.

Afu kuna hali ya gari yenyewe. Shoki zilizokufa, bushi zilizolegea, alaimenti (yaani pembe za magurudumu) iliyopotea, hivyo vyote upepo hautavitibu. Angalia na umri wa tairi: kwenye ubavu kuna maandishi ya DOT yanayoishia na tarakimu nne, 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi iliyokauka na kupasuka pasuka ubavuni isahau, hata iwe na meno mazima.

Na mwisho, mahali. Hatua za kutafuta mipaka ya gari zinafanywa kwenye uwanja wa mbio au eneo lililofungwa. Kona ya barabarani yenye watoto na baiskeli sio maabara yako.

Hatua ya 1: Soma kibandiko

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo pale mlango unapofungia. Gari zingine kiko nyuma ya kifuniko cha tenki la mafuta. Utakuta namba ya mbele na ya nyuma, na gari nyingi zina safu mbili, moja ya mzigo wa kawaida na nyingine ya gari iliyojaa au mwendo mkubwa. Ziandike zote. Kama zimeandikwa kwa bar au kPa usihangaike, bar 1 ni psi 14.5 na kPa 100 ni bar 1, kwa hiyo bar 2.3 ni kama psi 33.

Sasa hapa ndio kosa namba moja la wote wanaoanza: wanaenda kusoma ubavu wa tairi. Wanakuta imeandikwa MAX 51 PSI wanadhani ndio namba ya kujaza. Hicho ni kikomo cha tairi yenyewe ikiwa baridi, na tairi haijui hata imefungwa kwenye gari gani. Namba ya gari yako iko kwenye kibandiko.

Na usishangae ukikuta namba ndogo. Mazda MX-5 ya kwanza kabisa kibandiko kinasema 26 mbele na nyuma, watu wanaona wanafikiri mwandishi alikosea, wanapandisha mpaka 35, afu wanalalamika gari inadunda na kuteleza. Ile gari ina kama tani moja tu, 26 inatosha kuibeba. Geuka uangalie Porsche 911 yenye injini nyuma, kibandiko chake kinataka nyuma upepo mwingi kuliko mbele. Kila gari na mzigo wake.

Kama ulibadilisha saizi ya tairi, au ulihamia kwenye rimu kubwa na tairi nyembamba ya ubavu, kibandiko kinakuwa cha kukadiria tu. Tairi ya ubavu mfupi ina upepo mchache ndani kwa hiyo mara nyingi inahitaji namba ya juu zaidi kubeba uzito uleule. Angalia pia kama tairi yako imeandikwa XL, yaani imeimarishwa kubeba mzigo zaidi. Mfano 225/45R17 ya kawaida yenye fahirisi ya mzigo 91 inabeba kilo 615, ya XL yenye 94 inabeba kilo 670, mtu anaona 94 anafurahi. Lakini hizo 670 inazibeba ikiwa na kama psi 42, ile ya kawaida inabeba 615 yake kwa psi 36. Ukiijaza XL kwa 36 inabeba pungufu hata ya ile ya kawaida! Kwa hiyo ukihamia XL ongeza psi 2 au 3 juu ya kibandiko uwe ndio mwanzo wako.

Hatua ya 2: Pima ikiwa baridi, baridi kweli

Baridi maana yake gari imelala kama masaa matatu na zaidi, au imetembea kilomita moja au mbili tu polepole. Asubuhi kabla jua halijapiga upande mmoja wa gari ndio mda mzuri. Usicheke hiyo ya jua, paki gari jua likiwa linachoma upande wa kulia tu afu upime, utaona kulia kumepanda na utadhani kushoto kuna pancha.

Bonyeza geji moja kwa moja kwenye valvu, kwa nguvu na kwa haraka. Ukisikia inapiga "ssss" ndefu hujakaa sawa, rudia. Pima mara mbili kila tairi, andika, andika na joto la hewa la siku hiyo. Joto likibadilika nyuzi 10 upepo unabadilika kama psi 1 na nusu, kwa hiyo namba bila joto pembeni yake ni nusu ya habari.

Weka zote nne kwenye kibandiko sawasawa, rudisha vifuniko vya valvu (vile vidude vinazuia mchanga usiingie, usivitupe), endesha hivyo wiki nzima. Najua unataka kuruka hatua hii. Usiruke, nusu ya watu wanaoniuliza habari za kona walikuwa wanatembea na 29, 34, 31 na 36 bila kujua, wakasawazisha tu na ugonjwa ukaisha.

Hatua ya 3: Amua gari inafanya kazi gani

Barabara ya kila siku: kibandiko, au kibandiko ongeza psi 1 mpaka 3 kama unapenda usukani ujibu haraka kidogo. Basi. Chini ya kibandiko barabarani usiende, maana unapakia abiria, unapita mashimo, unakimbia mwendo mrefu, na tairi yenye upepo pungufu kwenye mwendo mrefu inapika mpira wake yenyewe kutoka ndani.

Zile mbio fupi za kupita katikati ya koni: mzunguko mmoja ni kama dakika moja, tairi haipati mda wa kupata moto sana, afu kona ni za ghafla na ubavu unasukumwa kwa nguvu. Hapa anza juu kidogo, psi 3 hadi 5 juu ya kibandiko, hasa kwa tairi zinazobeba injini, halafu shuka taratibu ukifuata chaki.

Uwanja wa mbio, mizunguko mingi mfululizo: hapa mambo yanageuka. Tairi itapata moto, na upepo ambao barabarani unapanda psi 3 mpaka 5 hapa unaweza kupanda 6 mpaka 10. Kwa hiyo namba ya baridi inakuwa ni njia tu, tunachokitafuta ni namba ya moto. Tairi nyingi za kispoti za barabarani zinakuwa na raha kati ya 32 na 38 zikiwa za moto, gari nyepesi upande wa chini, gari nzito upande wa juu. Tairi za nusu mbio nyingi zinataka chini zaidi ya hapo, soma anachosema aliyezitengeneza.

Hesabu inaenda hivi. Unataka 35 ya moto, umeshajua tairi yako inapanda 6, unaanza na 29 baridi. Ukiwa hujui inapanda ngapi, siku ya kwanza anza na kibandiko, usikisie. Mi binafsi kwa gari ya tani moja na nusu yenye tairi za barabarani sishuki chini ya 27 baridi, na mzunguko wa kwanza naenda kama nabeba mayai, kwa sababu tairi laini na baridi kwenye kona kali inaweza hata kuchomoka ukingo wake kwenye rimu.

Hatua ya 4: Chora chaki

Hii ndio napenda kuliko zote kwa sababu haidanganyi. Chukua chaki, chora mstari mnene kutoka kwenye uso wa tairi, pita juu ya bega, shuka ubavuni kama sentimita tatu. Fanya sehemu tatu kwenye kila tairi. Tairi nyingi zina kialama kidogo cha pembetatu pale begani, chora juu yake.

Toka ukaendeshe mizunguko mitatu minne kwa kasi yako ya kweli, rudi uangalie chaki imefutwa mpaka wapi. Ikifutika mpaka kwenye ile pembetatu au karibu yake, uko sawa. Ikifutika ikapita pembetatu ikashuka ubavuni, tairi inajikunja na unakanyaga kwa ubavu: ongeza psi 2. Chaki ikibaki yote begani mpaka juu ya uso, tairi haitumii bega lake, punguza psi 1 au 2.

Kuna kitu watu hawakiangalii. Ukimaliza, inama uangalie mpira wenyewe. Ile tairi iliyofanya kazi vizuri inakuwa na vichembe vidogo vidogo kama mchanga wa msasa, sawa kutoka bega hadi bega, rangi nyeusi isiyong'aa. Ikiwa inang'aa kama imepakwa mafuta na ina rangi ya bluu kwa mbali, imepikwa. Ikiwa katikati kuna vichembe na pembeni kulaini, upepo umezidi. Pitisha kidole (subiri kidogo, ya moto hiyo) utasikia tofauti kabla hata macho hayajaiona.

Hatua ya 5: Ingia, pima moto, mara moja

Ukitoka uwanjani usipoze mizunguko miwili afu ndio upime, hapo unapima tairi iliyokwisha poa. Ingia, simama sehemu tambarare, usivute handbreki kwa sababu diski ni za moto na pedi zitajigandisha hapo hapo, weka gia na jiwe kwenye gurudumu. Anza na tairi iliyofanya kazi zaidi. Uwanja unaozunguka kufuata mshale wa saa una kona nyingi za kulia, kwa hiyo uzito unamwagikia kushoto na tairi za kushoto ndizo zitakuwa na moto zaidi. Anza na ya mbele kushoto.

Mwenye kipima joto cha sindano achome sehemu tatu kila tairi: ndani, katikati, nje. Katikati ikiwa na moto kuliko pembeni zote, upepo umezidi. Pembeni zote zikiwa na moto kuliko katikati, upepo mdogo. Ndani ikiwa na moto kuliko nje kidogo, sawa, hiyo ni kemba, yaani tairi imelazwa juu kuelekea ndani, na gari ya kispoti inataka iwe hivyo. Nje ikiwa na moto kuliko ndani, upepo hautakusaidia, kamwone mtu wa alaimenti.

Sasa toa upepo mpaka kwenye namba yako ya moto, kushoto na kulia zilingane zikiwa za moto. Kesho yake zikiwa baridi utaona kushoto ni ndogo kuliko kulia kwa psi 1 au 2. Ndivyo inavyotakiwa kwa uwanja ule, ziandike ziwe ndio mwanzo wako siku nyingine.

Hatua ya 6: Sawazisha mbele na nyuma

Hapa ndipo tabia ya gari inapobadilika, na hapa ndipo watu wanajiumiza. Sheria ni mbili: upande mmoja kwa wakati mmoja, na psi 1 au 2 tu. Ukibadilisha mbele na nyuma pamoja gari ikawa nzuri hutajua kilichoifanya nzuri ni kipi.

Mbele ikigoma kuingia kona, yaani unakata usukani gari inaendelea kwenda nje, angalia chaki ya mbele kwanza. Kama imefutika kupita pembetatu ongeza mbele. Kama haijafika, punguza mbele psi 1 au 2. Chaki ikisema mbele iko sawa na bado inagoma, ongeza nyuma psi 2, nyuma itashika kidogo pungufu na gari itageuka kwa urahisi. Wenye gari zinazovutwa na gurudumu za mbele wanaitumia sana hii.

Mkia ukitoka, fanya kinyume chake: punguza nyuma psi 1 au 2 kama chaki inaruhusu, au ongeza mbele. Angalizo moja kubwa: nyuma ikiwa na upepo mdogo sana inayumba kama gari imebebwa na jeli, na mtu akisikia ile anadhani ni kuteleza anapunguza tena. Anazidi kuharibu. Ndio maana tunauliza chaki kabla ya kuuliza makalio.

Kuonyesha kwamba tofauti ya mbele na nyuma sio mchezo, kuna gari Chevrolet walitoa mwaka 1960 inaitwa Corvair, injini nyuma, na ekseli ya nyuma ya kubembea. Kiwanda kilitaka 15 mbele na 26 nyuma. Huo upepo mdogo wa mbele ulikuwepo makusudi ili mbele iachie kabla ya nyuma. Watu wakawa wanajaza sawa kote kama gari zao zingine, mbele ikashika vizuri mno na nyuma ndio ikawa ya kwanza kuachia. Gari ile ikapata jina baya, na kwa kiasi kikubwa ni kwa sababu usalama wake uliachwa mikononi mwa mtu mwenye bomba la upepo.

Kwa hiyo gari ya barabarani usiipangie mkia utoke kirahisi. Uwanjani kuna nafasi ya kuzunguka, barabarani kuna lori.

Hatua ya 7: Rudisha kabla hujaenda nyumbani

Hii niliilipia mwenyewe. Nilitoa upepo zikiwa za moto mpaka 34, siku ikaisha vizuri, nikala nikalala. Asubuhi nikaingia barabara kuu, mwendo ukipanda naona nyuma inayumba yumba, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Nasimama napima: 25. Zilikuwa zimepoa usiku kucha na mi nimesahau kabisa. Sa hivi pampu naiweka juu ya kiti cha dereva, siwezi kukaa bila kuigusa.

Kosa hilohilo lina ndugu yake wa barabarani. Umetoka safari, geji inasoma 38, kibandiko kinasema 33, unatoa mpaka 33 unajiona umefanya jambo. Kesho asubuhi una 28. Tairi ya moto usiitoe upepo ifanane na kibandiko, kibandiko kinaongea habari za baridi.

Kuhusu ile taa, nyingi zinawaka upepo ukipungua kama robo ya namba ya kibandiko, kwa hiyo isikusubirishe. Na gari zingine hazina kipimo ndani ya tairi, zinakisia kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu kupitia ABS (mfumo wa breki unaozuia gurudumu kujifunga), hizo ukibadilisha upepo lazima uziseti upya kwenye menyu la sivyo zitakupigia kelele au zitanyamaza wakati hazitakiwi kunyamaza.

Mvua ikinyesha

Usishushe upepo eti tairi ikae pana ishike. Kwenye maji yaliyotuama upepo ndio unaoisaidia tairi kuyasukuma na kugusa lami. Marubani wana kanuni yao ya kukadiria mwendo ambao gurudumu litaanza kuelea: chukua kipeuo cha pili cha psi (cha 36 ni 6), zidisha kwa 9, unapata mwendo kwa noti, kipimo cha mwendo cha ndege na meli. Psi 36 inatoa noti 54, kama kilomita 100 kwa saa. Psi 25 inatoa 45, kama kilomita 83. Ni kanuni ya ndege, gari lako lina njia za maji tofauti na uzito tofauti, lakini mwelekeo ni uleule. Uwanjani kwenye mvua tairi haipati moto kama siku kavu, kwa hiyo ile 29 uliyoanza nayo juzi haitapanda kufika 35, anza juu zaidi. Na kama meno yameisha hakuna namba itakayokuokoa.

Nitrojeni je?

Hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 nitrojeni. Faida kubwa ya ile ya mtungi ni kwamba ni kavu, haina unyevu, kwa hiyo inapanda kwa kutabirika. Ukipewa bure chukua. Vinginevyo muhimu pampu isiwe na maji.

Shida za kila siku na dawa zake

*Gari inavuta upande mmoja.* Linganisha kushoto na kulia zikiwa baridi. Zikilingana na bado inavuta, badilishana tairi mbili za mbele kama sio zile zenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihama ni tairi, usipohama ni alaimenti au breki inayoshika.

*Mizunguko miwili ya kwanza safi, wa nne inateleza kote.* Upepo wa moto umevuka namba yako, au mpira umechoka joto. Ingia upime. Kama geji inasoma 41, toa. Kama inasoma 35 kama ulivyotaka, basi ni wewe unaipika, poza mzunguko mmoja na uache kukata usukani zaidi pale mbele ilipokwisha goma.

*Usukani mzito na unachelewa kujibu.* Mbele pungufu. Ongeza 2.

*Inarukaruka kwenye lami mbovu katikati ya kona.* Upepo umezidi, punguza 2. Ikiendelea bonyeza bodi kila pembe kwa mikono uachie, ikiyumba zaidi ya mara moja shoki zimeisha.

*Katikati kunalika haraka kuliko pembeni.* Umezidisha kwa mda mrefu. *Pembeni zote mbili kunalika,* umepunguza kwa mda mrefu. *Nje peke yake,* ni kona na kemba, na hapa watu wanaongeza upepo mpaka 45 bila mafanikio, acheni.

*Tairi moja inashuka psi 2 kila wiki.* Toa kifuniko, paka povu la sabuni kwenye valvu. Ikitoa mapovu, kile kisindano cha ndani kimelegea au kimechoka, ni kitu kidogo cha kubadilisha. Valvu ikiwa nzima paka povu ukingo wote ambapo tairi inakutana na rimu, hasa kama uligonga shimo karibuni. Rimu iliyopinda kidogo huwezi kuiona kwa macho lakini povu litaiona.

*Mkia unatoka ukiachia mafuta ghafla kwenye kona.* Angalia kama nyuma umezidisha kwa ajili ya ule ujanja wa hatua ya 6, rudisha psi 2 chini. Angalia pia tairi mpya ziko wapi. Ukiwa umenunua mbili tu afu ukazifunga mbele, nyuma zimebaki zile za zamani, hapo geji iweke pembeni, zihamishe mpya nyuma kwanza ndio uanze tena hatua ya 2.